Pipa la Barafu Uani kwa Mama

Jumapili, mwezi wa saba. Lionja.

Kumekucha na ukungu juu ya mikorosho na baridi ya kukunja vidole. Nilivaa sweta la kaka yangu Issa, lile la sufu nene alilokuja nalo likizo ya mwisho, na bado nilitetemeka. Angekuwepo angenicheka. Alikuwa akisema kipupwe cha Nachingwea si baridi, ni upepo tu uliokosa kazi.

Sijaandika humu bloguni tangu mvua za kwanza. Wachache mnaopita hapa mliniuliza kulikoni, nikanyamaza. Cherehani yangu kule Ruangwa nayo ilinyamaza, wateja wakatafuta mafundi wengine, nami sikuwalaumu. Sikuwa na la kusema ambalo Mama angekubali lisemwe.

Leo limesemwa.

Nianze na kazi ya Issa, maana bila hiyo hamtanielewa. Kaka yangu alikuwa mzamiaji. Huku ukisema hivyo watu wanadhani alijificha melini akaenda Ulaya, na wengine walimtania hivyo mpaka mwisho. Hapana, alikwenda na tiketi yake. Uzamiaji alijifunza Mtwara kwa rafiki yake Faraji, anayepeleka watalii kuangalia matumbawe, kisha akapata kazi nchi moja ya kaskazini ambako ziwa linaganda juu mpaka watu wanatembea. Huko alikuwa anapima regulata kwenye maji ya baridi.

Regulata ni kile kidude ambacho mzamiaji anakiuma mdomoni, pamoja na kichwa chake kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa. Kinachukua hewa iliyoshindiliwa, kinaipunguza nguvu, kinampa mtu pumzi moja moja. Ukibonyeza ventili ya tairi la baiskeli unahisi hewa inatoka ya baridi. Ndivyo ilivyo kwenye regulata pia, hewa inapoa kwa kutoka tu. Sasa maji nayo yakiwa ya baridi sana, barafu inaota ndani ya kidude, mlango wa hewa unakwama ukiwa wazi, na hewa inamwagika yote bila mtu kuivuta. Kwa hiyo kabla hazijauzwa, lazima mtu ashuke nazo aone ipi inakwama na ipi haikwami. Mtu huyo alikuwa mtoto wa mama mkulima wa korosho na ufuta, aliyekulia kwenye nyumba ambayo maji ya kuoga yakiwa na baridi yanabandikwa kwanza jikoni.

Likizo ile ya mwisho Mama alimkatalia kurudi. Alimfichia begi kwa shangazi, akasema hajazaa mtoto wa kwenda kufa chini ya maji ya watu. Issa hakugombana naye. Issa hakuwa mtu wa kugombana, hiyo tabia niliichukua yote mimi. Alikwenda Mtwara akaazima kwa Faraji mtungi mdogo wa hewa, akapitia Nachingwea mjini kununua mabonge ya barafu yaliyogandishwa kwenye ndoo, akayafunga kwenye viroba na maranda ya mbao yasiyeyuke njiani. Regulata alikuwa nayo moja, iliyofeli vipimo, akapewa aichukue maana haikuwa na kazi tena. Akajaza pipa la bluu la uani, akamwaga barafu, akasimamisha mtungi humo humo, akauma kile kidude na kuzamisha kichwa.

Nusu ya kitongoji walikuja kutazama. Mapovu yakawa yanapanda taratibu, watoto wanapiga makofi, na Mama amesimama karibu ameshika kiuno, anasubiri mwanawe afe. Hakufa. Alikaa humo mpaka Mama mwenyewe akaanza kutabasamu, kisha akaibuka, akafunga koki ya mtungi, akacheka maji yanamdondoka kidevuni. Mama alimfuta uso kwa kanga yake. Jioni ile begi likarudi kutoka kwa shangazi.

Alipoondoka, ile regulata aliiacha chumbani kwa Mama, imening'inia kwenye msumari.

Mvua zilipokuwa zinaanza tukapigiwa simu. Kampuni iliyomwajiri sitaitaja jina. Walisema alishuka ziwani chini ya barafu kupima, kidude kikakwama, hewa ikaisha, na mwenzake akapanda peke yake. Walitafuta siku nyingi. Ziwa lile ni refu kwenda chini na hawakumpata, na kwa baridi ile, walisema, huenda asionekane kabisa.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka langu na sikumbuki nani aliniinua.

Mama hakulia. Aliisikiliza habari yote, Mjomba Ausi akimweleza pole pole, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kimwera. Mjomba ni kaka yake Mama, ndiye mkubwa wetu. Alipomaliza, Mama akamuuliza, "Mtungi alikuwa nao?" Mjomba akasema alikuwa nao. "Basi anapumua," Mama akasema, akainuka kwenda kuangalia mboga jikoni.

Tulidhani ni mshtuko. Haukuwa mshtuko. Mama alikuwa ameona kwa macho yake mtoto akipumua majini na barafu juu ya kichwa, na aliyeona huwezi kumshinda kwa maneno ya simu. Alisema barafu ya huko imemfunika, itakapoyeyuka atatoka. Nilimwambia Mama, hewa ya mtungi huisha. Akaniuliza, "Wewe Somoe, uliiona ikiisha?"

Sikuiona. Siku ile hakuna aliyeiona, kwa sababu Issa alifunga koki akiwa bado anacheka.

Ndugu zangu, kitu alichokifanya Issa kumtuliza mama yake ndicho kilichomfungia Mama mlango wa kilio. Nimelifikiria hilo miezi yote hii nikipika na kufua, na kila nikilifikiria nakasirika, halafu nakosa wa kumkasirikia.

Tanga la msiba halikukaliwa. Shehe wa msikiti wetu alieleza kwamba mtu ambaye mwili wake haupo husaliwa swala ya ghaibu, ni jambo linalojulikana, si aibu wala si mkosi. Mama akamjibu kwa adabu zote kwamba mtu anayepumua hasaliwi. Majirani waliokuja na unga na kuni aliwapokea kama wageni wa kawaida, akawapikia. Watu walirudi nyumbani hawajui kama wamekula matanga au wamekula chakula cha mchana.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume.

Kwetu mtoto anapewa jina na mjomba wake. Mjomba wa mwanangu ni Issa, sina kaka mwingine. Mjomba Ausi alitaka ampe jina yeye badala yake, na jina lenyewe kila mtu alilijua kabla hajafungua mdomo, maana jina la mtu wetu aliyeondoka halitupwi, linarithiwa na mtoto wa dada yake. Mama alimchukua mtoto mapajani, akamfunika na kanga, akasema, "Mjomba wake akirudi atampa jina." Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama chini. Tukaanza kumwita Mgeni. Mtoto amefikia kukaa mwenyewe kwenye mkeka, meno mawili yamechomoza, anaitwa Mgeni kwenye nyumba ya bibi yake.

Naungama hapa: kuna siku nilimchukia Mama. Nilimwona anamlinda mtoto wake kwa kumnyima wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo, lakini na mimi ni mzazi.

Mwezi uliopita watu wa kampuni walipiga tena simu. Barafu ya kule imeyeyuka zamani, ziwa liko wazi, wametafuta tena na hawajapata kitu. Juzi Mjomba Ausi alikuja kutoka Malolo, akalala hapa, na jana asubuhi akasema kwa sauti ya mtu asiyeomba: "Dada, barafu uliyokuwa unaingoja imekwisha. Turuhusu tumsalie."

Mama akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alikwenda chumbani, akaitoa ile regulata msumarini, akaiweka mkekani mbele ya Mjomba. "Mnanifanya mwehu. Mwite Faraji aje na mtungi. Leta barafu, jaza pipa. Nitawaonyesha wote kwa macho yenu mtu anavyopumua."

Nilimpigia Faraji. Akaniuliza, "Dada Somoe, unajua lakini ile ya Issa ilifeli?" Nikasema najua. "Na unajua mtungi ukiachwa wazi..." Nikasema najua, Faraji, njoo nao. Sikuwa namtegea Mama, yeye ndiye aliyeomba. Ila sikumwonya pia, na sasa nimekaa na hilo.

Faraji alifika leo baada ya adhuhuri, na kigari cha rafiki yake, mtungi umelazwa nyuma juu ya gunia. Barafu alipitia kuinunua mjini, mabonge yale yale ya ndoo, kwenye maranda yale yale. Alimwamkia Mama shikamoo kwa kupiga magoti, akabaki hapo chini muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuwa amefika tangu msiba. Tulipojaza pipa, Mama alikuwa amevaa kanga mpya na amejifunga kiuno kama mtu mwenye shughuli yake. Mjomba alikaa kwenye kigoda. Majirani walikuja, ila safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Faraji akafunga regulata kwenye mtungi, akausimamisha ndani ya pipa mpaka kichwa chake kikazama, na ule mpira wenye saa ya kuonyesha hewa iliyobaki akautoa nje, tuone mshale. Akauma kidude, akavuta pumzi mbili, akaingiza uso majini.

Mapovu yakapanda.

"Mmeona?" Mama akasema. Hakuwa anatuuliza kwa kiburi. Alikuwa na furaha, ile furaha ya mtu aliyeaminiwa hatimaye. "Ausi, umeona? Si anapumua?"

Mjomba akasema ameona.

Faraji hakuweza kukaa kama Issa. Aliibuka haraka, midomo imebadilika rangi, masikio mekundu, anakohoa. Yeye ni mtu wa maji ya Mtwara, maji ya vuguvugu. Mama akamwambia aendelee. Akaingia tena, akatoka tena, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kukwama, "Mama, siwezi. Kichwa kinapasuka."

"Issa aliweza."

"Issa alizoea, Mama."

"Basi kiache chenyewe kipumue humo ndani," Mama akasema. "Nataka waone kwamba hewa ipo."

Faraji akanitazama. Kisha akaingiza mkono, akabonyeza kitufe cha mbele ya kidude, kile kinachoruhusu hewa itoke bila kuvutwa. Akawa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia, kama mtu anavyopumua akiwa amechoka. Tulikuwa tunasikia pumzi ile, na nitasema ukweli, hata mimi niliisikia kama ya Issa. Jirani yetu mmoja aliinama akajifunika uso.

Kisha Faraji akaachia kitufe na hewa haikuacha kutoka.

Pipa lote likachemka. Vipande vya barafu vilirukaruka na kugongana, maji yakamwagika mchangani, kuku wakatimka kuelekea kwenye mihogo. Mgeni akaanza kulia mgongoni kwangu. Faraji aliingiza mkono kutafuta koki afunge, na hapo Mama akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Acha, Faraji. Niache nione."

Faraji akautoa mkono. Alikuwa ameushika ule mpira wenye saa, na Mama akasogea, akaangalia mshale. Mama hakusoma sana lakini mshale unaoshuka hauhitaji shule. Ulikuwa unashuka tunautazama. Mlio wa hewa ukaanza kupungua nguvu, mapovu yakawa madogo, yakawa machache, likatoka moja kubwa, halafu likatoka jingine, na maji yakatulia.

"Imekuwaje?" Mama akauliza.

"Imekwisha, Mama."

"Weka nyingine."

Faraji alikuwa analia tayari, hajifichi. "Huko chini hakuna nyingine, Mama yangu."

Mama alikunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko, akauingiza ndani ya pipa, katikati ya barafu. Nadhani alitaka kukitoa kile kidude. Lakini mkono ulipozama alishtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, akabaki amesimama hivyo. Hakuutoa. Uso wake ukaanza kubadilika, na mimi nikaelewa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekifikiria.

Mama alikuwa hajawahi kuyagusa maji yale. Siku ya Issa alisimama pembeni. Alimfuta mwanawe uso kwa kanga, naye Issa akawa anacheka.

"Somoe," akaniambia, "ni baridi hivi?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Hakuniambia ni baridi hivi."

Tulimwambia autoe mkono, hakutaka. Mjomba Ausi akaja kumshika bega, Mama akamsukuma. Alikuwa anasema kwa Kimwera, haraka haraka, na nitawaandikia kwa Kiswahili jinsi nilivyosikia: mwanangu yuko kwenye baridi hii, mwanangu ambaye nilikuwa nambandikia maji, yuko kwenye baridi hii tangu mvua, na mimi nimekaa nasema yuko salama. Alirudia hivyo mpaka sauti ikakatika. Tulipomtoa, mkono ulikuwa umekufa ganzi, vidole havikunjuki. Nilivua sweta la Issa nikamfungia nalo mkono, nikaukumbatia kifuani, na hapo ndipo Mama alipolia.

Kilio kile sitakiandika. Nilikingoja miezi yote hii, nikidhani kikija nitapata nafuu. Sikupata. Nilichopata ni kaka yangu kufa kwa mara ya pili, safari hii uani kwetu, mbele ya majirani.

Wanawake walikaa chini pale pale kwenye mchanga uliolowa. Hakuna aliyewaambia. Mmoja alianza kulia sauti, wengine wakampokea, na tanga likakaliwa. Mjomba alimtuma mtu kwa shehe. Swala itakuwa kesho baada ya adhuhuri.

Alasiri Mama alinyamaza. Tulimwingiza jikoni karibu na moto, mkono wake nikaukanda kwa maji ya vuguvugu mpaka vidole vikaanza kukunjuka. Aliniambia nimpe mtoto. Nikamfungua mgongoni nikamkalisha mapajani kwake. Alimwangalia sana. Akamshika mguu kwa ule mkono, mtoto akauvuta mguu, maana mkono ulikuwa bado na baridi.

"Mjomba wake hatakuja," akasema.

Nikasogeza kuni motoni.

"Mwiteni jina lake basi. Sitaki jina hilo likae bila mwenyewe."

Mjomba Ausi alikuwa mlangoni. Alisema mjomba wa mtoto akiwa hayupo jina hulisema yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa, lakini leo anamwachia dada yake. Watu wa nje wakasogea, Faraji akiwa mbele yao. Mama akamketisha mtoto kwenye mkeka, akamwelekeza uso kwenye mwanga wa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja. Akaita kwa sauti yake ile ya zamani, ya kuitia mtu chakula kutoka shambani, ndefu mwishoni.

"Issaaa!"

Mtoto hakugeuka. Alikuwa anashughulika na kijiko.

Sisi wengine wote, Mjomba, Faraji, majirani, na mimi mwenyewe, tuligeuka kuangalia njiani.

Njia ilikuwa tupu, na mikorosho pande zote mbili. Mama peke yake ndiye hakugeuka. Aliinama, akamwinua mtoto na kijiko chake, akamwita tena sikioni, polepole.

Kesho tunamsalia kaka yangu. Tukitoka hapo, nitakaa na mwanangu mkekani nianze kumfundisha kuitika.